Zeze Lililotoweka Ipagala

Sajenti Mwanne Hamidu alivua buti mlangoni, ingawa Penina alimsihi asivue. Sakafu ilikuwa imedekiwa ikang'aa, na mabegi matatu yalisimama ukutani kama watoto wa shule wanaosubiri kengele. Nyumba ilikuwa inasafiri. Hata kuku wa uani walionekana wana haraka.

"Mbukwenyi," alisalimu, akaongeza kwa Kiswahili, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama," alijibu Mzee Yoramu Ndahani kutoka kwenye kigoda chake. "Kigogo chako kina milima."

"Nimekitoa Kondoa, mzee. Kimechoka njiani."

Mzee alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likazima. Mbele yake palikuwa na kasha la mbao, refu kama mtoto wa miaka mitano, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kifuniko. Mwanne aliutazama mkono ule. Hivyo ndivyo watu wanavyowashika wagonjwa.

Alitoa daftari. Alikuwa na miaka hamsini na sita na wajukuu wanne, na katika upelelezi alikuwa amejifunza jambo moja: ukimharakisha aliyepotelewa, atakupa hasira zake. Ukimsubiri, atakupa saa na dakika.

"Niambieni taratibu. Nimefika sasa hivi, sijui lolote."

Penina, bintiye mzee, ndiye aliyeanza. Mwaka jana mgeni mmoja kutoka Norwei alimsikia baba yake akipiga zeze kwenye arusi huko kwao Kibakwe. Alikaa chini vumbini saa tatu nzima. Miezi minne baadaye ikaja barua: kila mwezi wa saba kule kwao kuna kambi ya wapiga fidla za kienyeji, watu huja kutoka nchi nyingi, wazee kwa watoto, wanafundishana wiki mbili. Familia ya Mzee Yoramu imealikwa. Watu watatu: mzee, Penina anayeimba, na Lydia binti wa Penina, mwenye miaka kumi na saba, anayejifunza zeze kwa babu yake.

"Fidla ni ndugu wa zeze, bibi," alisema Lydia, ambaye hakuweza kutulia hata katika msiba huu. "Ina upinde kama letu. Ila wao wanaiweka begani."

"Begani," alisema mzee. "Kama mtu aliyebeba jembe."

"Na kule saa nne usiku jua bado linawaka. Tumeshajifunza kusema asante. Mama ameniletea sweta tatu."

"Na mnaondoka lini?"

"Kesho alfajiri kwa treni mpaka Dar es Salaam. Jioni tunapanda ndege." Penina aliyatazama mabegi. "Asubuhi hii majirani wamekuja kumuaga baba, wakamwomba apige kidogo. Amefungua kasha. Zeze hamna."

"Hakuna zeze lingine la kuazima?"

Mzee alimtazama kwa upole. "Mama, zeze la kuazima ni kama meno ya kuazima. Na barua imesema kila familia ifundishe kwa chombo chake. Bila hilo siendi. Nisipokwenda mimi, hawa wanakwenda kufanya nini?"

Lydia aliinamisha kichwa. Basi hilo ndilo lililokuwa hatarini, Mwanne aliona: safari ya watu watatu, na saa ishirini na moja za kuiokoa.

"Mara ya mwisho kulipiga ni lini?"

"Jana mchana. Nililirudisha kwenye kasha, kasha nikaliweka juu ya kabati. Saa kumi jioni wakaja watu wa kanisa kutuombea safari. Sote tulikuwa uani."

"Watu wangapi?"

"Arobaini," alisema Penina. "Lakini usihangaike na arobaini, afande. Ni mmoja. Joel."

"Joel ni nani?"

"Jirani. Anampigia baba marimba miaka ishirini sasa. Barua ilipokuja ya familia peke yake, akaumia. Juzi amesema mbele za watu, zeze hilo bila marimba yake halifiki hata Morogoro."

Mwanne aliandika maneno hayo kama yalivyo. Kisha akauliza, "Nani ameshika ndani ya kasha tangu asubuhi?"

"Hakuna. Baba alifunika palepale. Nikasema mtu asiguse, kwenye tamthilia polisi huwa hawataki."

"Umefanya vizuri sana, mwanangu," alisema Mwanne, na Penina akafuta macho.

Akapiga magoti, akafungua. Ndani palikuwa na kitambaa chekundu chenye umbo la kitu kilichokuwa kimelala hapo miaka mingi. Pembeni, upinde. Mwanne aliuinua, akaurudisha. Akafunua kitambaa. Chini yake palikuwa na kisanduku cha kiberiti, na ndani yake nyuzi mbili zimezungushwa duara, moja juu ya nyingine, bila kupinda. Kando ya kiberiti palikuwa na leso safi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua. Shanga nyeupe na za bluu ziliteleza kiganjani mwake.

"Hizi ni za wapi?"

Mzee aliinuka nusu. "Za shingoni mwa zeze. Alizifunga mama yangu. Hazijawahi kutoka."

"Sasa zimetoka, na hazikukatwa. Fundo limefunguliwa kwa kucha." Akamwonyesha. "Mzee, nimekamata wezi miaka thelathini. Sijamwona anayeacha mali na kuifungia leso."

"Joel anajua thamani ya shanga hizo," alisema Penina, lakini sauti yake ilikuwa imelegea.

"Basi tumuulize Joel."

Hawakuhitaji kumtafuta. Joel alikuwa uani tayari, mtu mpana mwenye funguo za kirikuu, kigari chake cha mizigo, kidoleni, akijifanya anatazama kuku.

"Nimesikia polisi wamekuja," alisema. "Nikajua wamekuja kwangu. Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ulisema zeze halifiki Morogoro?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli." Akakuna kidevu. "Afande, huyu mzee akipiga, anakimbia kama mbuzi aliyeona shamba la mtu. Marimba yangu ndiyo kamba. Huko Norwei nani atamvuta?"

Ndani, mzee alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Jana saa kumi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikaa na wazee mpaka amina ya mwisho. Kisha nikaenda nyumbani nikarudi."

"Ulirudi kufanya nini?"

Joel alitazama chini. Penina ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayesoma ubao kwa mbali: "Koti. Lile zito lililotundikwa nyuma ya mlango. Nimeliona usiku nikadhani ni la mtu wa kanisa."

"Ni la ulinzi, nililivaa Makambako miaka mitatu," alisema Joel. "Kule baridi ni baridi. Sasa mzee aende Norwei na kisweta?"

Mwanne hakuandika kitu. Alichora mstari juu ya jina la Joel, mstari mmoja mnyoofu. Mtu anayempa mzee koti la safari hamnyang'anyi safari.

"Kuna mtu wa nyumba hii sijamwona?" aliuliza.

Penina na Lydia walitazamana.

"Stanley," alisema Penina. "Kaka yangu. Anakaa chumba cha uani. Tangu asubuhi tunampigia, hapatikani. Ametoka saa kumi na moja na nusu kwenda kazini, Mtumba."

"Anafanya kazi gani?"

"Za karatasi," alisema mzee kutoka ndani. "Stanley hana habari na zeze. Alilikataa akiwa mdogo. Alitaka kalamu, amepata kalamu."

Mwanne alirudi ndani. Alipanda juu ya kiti, akatazama juu ya kabati. Palikuwa pamepanguswa.

"Nani amefuta vumbi hapa?"

"Mimi, jana usiku," alisema Penina. "Nilisogeza kasha, nikafuta, nikalirudisha. Lilikuwa jepesi kidogo, nikasema ni furaha yangu."

"Chini ya kasha palikuwa na kitu?"

"Hapana. Kikadi tu kilianguka. Lydia akakichukua."

"Kikadi gani?"

Lydia aliona haya. "Kilikuwa kigumu kizuri, bibi, na kina kitundu cha uzi. Nimekifanya lebo ya begi." Akaonyesha begi lake. Pale kwenye mpini lilining'inia kadi la kaki lililoandikwa kwa kalamu nene: LYDIA, DODOMA, TANZANIA, AFRIKA, na ua dogo kwenye kona.

Mwanne aliligeuza. Upande wa pili kulikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula, na mwandiko mdogo wa kulala:

*Kwa: MS/4. Shughuli: ngozi. Kurejeshwa: Alhamisi, saa 10.*

Aliketi juu ya begi, bila kujua ameketi. Kituoni kwake kulikuwa na chumba cha majalada, na kwa miaka thelathini alikuwa akikuta makadi kama haya kwenye rafu. Ukichukua jalada, unaacha kadi palepale lilipokuwa, ili anayelitafuta ajue liko kwa nani, kwa ajili gani, na litarudi lini. Huandiki jina. Unaandika namba ya meza yako, kwa sababu kila mtu ofisini anaijua.

Kila mtu ofisini. Si kila mtu Ipagala.

"Stanley yuko masijala?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Penina. "Umejuaje?"

"Meza namba nne," alisema Mwanne. "Leo ni Alhamisi. Mzee, mtoto wako hajaiba. Amekuachia taarifa, ila ameiandika kama unafanya kazi naye."

Mkono wa mzee ulirudi juu ya kasha.

"Mzee, zeze lako limewambwa ngozi gani?"

"Ya kenge. Kaka yangu Sila aliwamba, mwaka niliooa. Sila amekufa. Kwa nini?"

"Stanley amewahi kukuambia chochote kuhusu ngozi hiyo?"

Mzee alifikiri kwa makini. "Mara mbili alianza. Baba, kuhusu ile ngozi. Nikamwambia, wewe ulikataa zeze, usinifundishe zeze."

Sajenti Mwanne alifunga daftari, akaenda kuvaa buti. Nyuzi zilizozungushwa, shanga zilizofungwa leso. Anayewamba ngozi upya hana budi kutoa nyuzi kwanza. Na ngozi huwambwa ikiwa imelowa, maji yanachuruzika, na shanga zilizotungwa kwa pamba haziyapendi maji. Aliyezifungua alijua zeze linakwenda kuloweshwa, na alikuwa amemfikiria mama aliyezifunga.

"Joel," aliita, "hiyo kirikuu ina mafuta?"

"Ya kufika Mtumba yapo, afande. Ya kurudi tutaimba."

Walifika kwenye mji wa serikali saa tano na nusu, upepo wa kipupwe ukipuliza vumbi jekundu kati ya majengo. Mlinzi wa getini aliwaambia watu wa masijala wako kwenye kikao na simu zimekusanywa mlangoni. Mwanne hakutoa kitambulisho chake kwa kishindo. Alisema anaomba dakika tano za kijana mmoja, kwa jambo la mzee wake. Mlinzi, ambaye pengine naye alikuwa na mzee, aliacha kiti chake akaenda mwenyewe.

Stanley alitoka akikimbia, shati limepigwa pasi, kitambulisho kikirukaruka kifuani. Alipoona sare alisimama.

"Baba amepatwa na nini?"

Mwanne aliliweka swali hilo akilini kama kielelezo namba moja. Mwenye hatia huuliza *nimefanya nini*.

"Baba mzima. Amefungua kasha."

Stanley alishika kichwa. "Alisema halifungui mpaka Norwei."

"Majirani walimwomba. Kadi lako amelipata Lydia, amechora ua."

"Lakini nililiweka palepale, chini ya kasha."

"Najua. Umefanya kama inavyotakiwa kwenye rafu. Sasa nieleze kama mtu wa nyumbani."

Alieleza akitazama viatu. Mwezi uliopita mwenzake mmoja ofisini, aliyewahi kufanya kazi za mizigo, alimwambia kuwa kitu chenye ngozi ya kenge hakivuki mpaka bila kibali cha wanyamapori, na kibali kina hatua zake. Wasipolizuia Dar, watalizuia mbele.

"Nikamwona baba amesimama uwanja wa ndege, mbele ya watu wasiomjua, wanamchukulia zeze mkononi. Nikajaribu kumwambia. Hakutaka. Siku za kibali zikawa zimepita. Nikamtafuta Mzee Filipo, anakaa hapa kijijini Mtumba, nyuma ya wizara. Akasema niletee kibuyu na mti wake tu, vingine acha nyumbani, nitaweka ngozi ya mbuzi. Jana wakati wa maombi nikapeleka."

"Kwa nini hukumwambia hata dada yako?"

"Penina hawezi kumficha baba kitu. Macho yake yanasema." Akapandisha pumzi. "Na nilitaka niwe nimelirudisha kwanza, ndipo anifokee. Akinifokea likiwa zima, si neno."

Mwanne alimwombea ruhusa kwa mkuu wake, wakapanda kirikuu wote watatu mbele, Joel akilalamika kuwa gia imekaliwa.

Mzee Filipo alikuwa uani kwake, chini ya paa la nyasi, akikwangua manyoya kwenye ngozi nyingine. Hakushangaa kuona polisi. Alinyoosha mkono wenye majivu kuelekea ukutani, na hapo, kivulini, zeze lilikuwa limetundikwa kwa shingo, tumbo lake jipya jeupe limezungukwa na vigingi vya miiba kama kope.

Joel alilisogelea akaligonga kwa ukucha. Sauti ilikuwa nene, ya unyevu.

"Bado," alisema Filipo. "Ukilivutia nyuzi sasa, linazama. Mpaka saa tisa. Upepo huu wa Dodoma ni fundi kunizidi, mimi nalipwa sifa zake tu."

"Na likichelewa?" aliuliza Stanley.

"Halichelewi. Wewe ulivuta vizuri." Filipo alimgeukia Mwanne. "Huyu si wa ofisini, afande. Mimi nilishika kibuyu, yeye alivuta ngozi. Nimemwuliza nani alimfundisha. Akasema alikuwa anatazama tu mlangoni, marehemu Sila akiwamba."

Mwanne aligeuka amtazame Stanley, lakini Stanley alikuwa ameshajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Angeweza kulibeba zeze lile bichi kama kielelezo, akamaliza kazi. Badala yake alimpigia Penina. "Mwambie mzee lipo. Lipo zima. Tunakuja nalo saa kumi, kama kadi lilivyosema." Kisha akaketi kwenye gogo, akakubali uji wa mke wa Filipo, na wote wanne wakausubiri upepo ufanye kazi yake, Stanley akimsaidia Filipo kukwangua ile ngozi nyingine. Saa saba Filipo aligonga, akatikisa kichwa. Saa nane akagonga tena. Saa tisa kasorobo Joel aligonga, na uani ikasikika sauti kavu, nyepesi, iliyomfanya jogoo ainue shingo.

Saa kumi kasoro dakika tano kirikuu iliingia Ipagala. Lydia alikuwa barabarani. Alikimbia mbele ya gari akiwatoa njiani mbuzi na watoto, kama anaongoza msafara wa mkubwa.

Mzee Yoramu hakuinuka. Stanley aliingia, akapiga goti, akamwekea zeze mapajani. Kisha akatoa bahasha ya kaki, na ndani yake ngozi ya zamani, imenyooshwa bila kukunjwa, katikati ya karatasi mbili safi.

"Ya baba mkubwa," alisema. "Sikuitupa."

Mzee aliipapasa ile ya zamani. Akaiweka kando. Akapitisha kidole gumba kwenye ngozi mpya, ukingo kwa ukingo, kigingi kwa kigingi, taratibu sana, na Penina akashika mkono wa Lydia ukauma. Alipofika upande wa kushoto kidole kilisimama.

"Hapa nani alivuta?"

"Mimi, baba."

"Hapa uliogopa." Kidole kikaendelea. "Hapa hukuogopa. Na hapa. Na hapa." Akainua macho. "Lete nyuzi."

Ilichukua muda. Stanley alishika shingo, mzee alivuta. Penina alirudisha shanga, akifunga fundo alilolijua tangu utotoni. Mzee aliupaka upinde utomvu, akaupitisha mara moja, na sauti ilipotoka ilikuwa kali, changa, yenye kelele kidogo, si ile waliyoizoea. Aliisikiliza mpaka ikaisha.

"Inapiga kelele kama mtoto wa jana," alisema mzee. "Ngozi changa haitaki kusafiri bila mlezi. Kwenye treni itahitaji kupashwa joto, ikazwe, ilegezwe. Mimi macho yangu hayaoni vigingi vizuri." Akamgeukia mwanawe. "Ofisini kwako wanatoa ruhusa ya siku moja? Ya kunifikisha Dar es Salaam?"

"Wanatoa," alisema Stanley, kabla hajajua kama wanatoa.

"Nitampigia mkuu wake," alisema Mwanne. "Ni mtu mwelewa."

Joel alikuwa ameshachukua marimba yake garini, bila kualikwa, na Lydia ameshavaa sweta mbili kati ya tatu. Majirani walianza kujaa uani. Mwanne alitafuta mahali pa kuandikia, akapata mgongo wa begi la Lydia, akafungua daftari kwenye ukurasa wa asubuhi. Shauri lilikuwa limefunguliwa kwa neno *wizi*, na halingeweza kufungwa mpaka mlalamikaji atoe maelezo yake.

"Mzee, nahitaji sentensi moja na sahihi. Niandike limepatikana wapi?"

Mzee Yoramu aliinua upinde, akaushusha tena. Alimtazama kijana mwenye shati la pasi, majivu ya Filipo mpaka viwikoni.

"Usiandike limepatikana," alisema. "Andika halikupotea. Lilikuwa kwa mwanangu."